Maswali ya Wasomaji: Kura 129 zilizompa Gregoire ugavana wa Washington

Katika toleo lililopita tuligusia kwa sentensi moja uchaguzi wa gavana wa jimbo la Washington, Marekani, mwaka 2004, ulioamuliwa kwa tofauti ya kura 129 kati ya zaidi ya milioni 2.8. Sentensi hiyo imetuletea rundo la barua. Tumechagua zile zinazouliza jambo mahususi. Kwa asiyelifahamu jimbo lenyewe: ni lile la pwani ya magharibi, mji wake mkubwa ni Seattle na makao makuu yake ni Olympia. Lisichanganywe na jiji la Washington anakoishi rais.

Nimesoma kwamba Dino Rossi alishinda mara mbili kisha akashindwa mara ya tatu. Kura zilezile zinatoaje washindi wawili? — Msomaji, Mbeya

Kura hazikuwa zilezile kabisa, na hapo ndipo penye jibu. Tuanze na tarakimu.

Hesabu ya kwanza, baada ya uchaguzi wa tarehe 2 Novemba, ilimpa Rossi wa Republican kura 1,371,414, na Christine Gregoire wa Democratic, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kura 1,371,153. Tofauti: 261. Sheria ya jimbo inasema tofauti ikiwa chini ya kura 2,000 na pia chini ya nusu ya asilimia moja, mashine lazima zirudie kazi bila mtu kuomba. Zikarudia. Rossi akapata 1,372,484, Gregoire 1,372,442. Tofauti ikashuka hadi 42. Tarehe 30 Novemba Katibu wa Jimbo, Sam Reed, ambaye ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi na naye ni wa Republican, aliidhinisha matokeo, na Rossi akaanza kuitwa gavana mteule. Kisha chama cha Democratic kikaomba hesabu ya mikono. Ilipokamilika, Gregoire alikuwa na 1,373,361 na Rossi 1,373,232.

Zitazame tena tarakimu hizo, maana wengi huzipita. Kila hesabu iliwaongezea kura wagombea wote wawili. Katika hesabu ya pili Rossi aliongeza 1,070 na Gregoire 1,289. Katika ya tatu Rossi 748 na Gregoire 919. Yaani hakuna aliyenyang'anywa rundo akapewa mwenzake. Kura zilizokuwa zimeachwa nje ziliendelea kuingia, na katika zilizoingia, za Gregoire zilikuwa nyingi kidogo kuliko za Rossi. Sababu kubwa ni Kaunti ya King, yenye Seattle ndani yake, ngome ya Democratic na kaunti kubwa kuliko zote 39 za jimbo: karibu kura 900,000. Palipo na karatasi nyingi ndipo penye makosa mengi ya kurekebisha.

Mashine inakosea wapi hasa? Na hesabu ya mikono hufanywaje? — Mwalimu wa uraia, Tanga

Mwaka ule kila kaunti ilikuwa na vifaa vyake. Nyingi zilitumia karatasi yenye kiduara kando ya jina, unakijaza wino kisha skana inasoma. Kaunti kadhaa bado zilikuwa na kadi za kutoboa. Snohomish, jirani wa King, ilikuwa na mashine za kugusa kwenye vituo.

Skana haisomi nia ya mpiga kura. Inasoma weusi ndani ya kiduara. Mtu akizungushia jina la mgombea badala ya kujaza kiduara, akiweka alama ya vema pembeni, akitumia kalamu yenye wino hafifu, au akajaza kiduara kimoja, akakifuta kwa mkwaruzo na kujaza kingine, mashine huona ama hakuna chaguo, ama chaguo mawili. Zote mbili hazihesabiki. Wako pia waliouacha wazi mstari uliochapishwa jina la mgombea wao wakaenda kuliandika jina lilelile kwenye mstari mtupu wa chini. Kwenye kadi za kutoboa tatizo ni kipande kidogo kinachoning'inia: kikipita kwenye kisomaji mara ya kwanza hufunika tundu, mara ya pili kikaanguka, na kura ambayo haikuwepo ikawepo.

Hesabu ya mikono huenda hivi. Karatasi za eneo moja dogo la kupigia kura hutolewa peke yake. Meza moja inakaliwa na wahesabu wakiwemo wawakilishi wa vyama viwili vikubwa, na mawakala wanaangalia bila kugusa kitu. Karatasi zinapangwa mafungu: la Gregoire, la Rossi, la Ruth Bennett wa Libertarian, la waliomwandika mtu mwingine, la wasiochagua kitu, na la zenye utata. Kila fungu linahesabiwa na mtu mmoja, kisha na mwingine ambaye hakuambiwa jibu la mwenzake. Wakitofautiana wanarudia. Fungu la utata halijadiliwi mezani. Linapelekwa kwa bodi ya kaunti ya watu watatu: msimamizi wa uchaguzi, mwendesha mashtaka wa kaunti na mwenyekiti wa baraza la kaunti, au wawakilishi wao. Wao ndio wanaoamua karatasi moja moja, hadharani.

Kazi hii inachosha, na uchovu nao huzaa makosa. Ndiyo maana zinahesabiwa karatasi za eneo dogo na si sanduku zima la kaunti: kosa likitokea, linajulikana liko kwenye rundo lipi.

Kura 573 "ziliibuka" katika kaunti inayomuunga mkono Gregoire, wiki sita baada ya uchaguzi. Kwetu huo tungeuita wizi. Ninyi mnauitaje? — Msomaji, Kisumu

Swali la haki, na aliyekuwa upande wa Rossi mwezi ule wa Desemba aliuliza hivyohivyo. Lakini hazikuibuka. Zilikuwa ghalani tangu mwanzo, kwenye bahasha zilizofungwa, zikiwa zimewekwa upande wa zilizokataliwa.

Ili kuelewa, fuata safari ya kura ya posta. Karatasi inaingia kwenye bahasha ya ndani isiyo na jina. Hiyo inaingia kwenye bahasha ya nje ambayo mpiga kura anatia sahihi. Ikifika ofisini, karani analinganisha sahihi ya bahasha na ile iliyo kwenye kumbukumbu za uandikishaji. Zikifanana, bahasha ya nje inatenganishwa na ya ndani, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kujua karatasi ni ya nani. Zisipofanana, bahasha haifunguliwi.

King walikuwa wamehamishia kumbukumbu za sahihi kwenye kompyuta, lakini za baadhi ya wapiga kura hazikuwa zimeingizwa. Karani aliyekuta hakuna picha ya sahihi kwenye skrini alitakiwa kwenda kutafuta kadi ya uandikishaji ya karatasi. Kwa watu hawa 573 hakuna aliyeitafuta. Bahasha zikaandikwa kwamba sahihi hailingani, ilhali hakukuwa na sahihi ya kulinganisha nayo. Aliyegundua ni Larry Phillips, mwenyekiti wa baraza la kaunti na mwanachama wa Democratic: alipitia orodha ya waliokataliwa akakuta jina lake mwenyewe. Baadaye zilipatikana nyingine, jumla ikafika 735.

Sasa sheria. Siku chache kabla, Democratic walikuwa wameiomba Mahakama ya Juu ya jimbo iamuru kaunti zote zipitie upya kura zilizokataliwa. Tarehe 14 Desemba majaji walikataa kwa kauli moja: kurudia kuhesabu maana yake ni kuhesabu tena karatasi zilizokwisha kukubaliwa, si kufungua upya mjadala wa ipi ikubaliwe. Republican wakashangilia. Kwa hoja hiyohiyo wakaenda mahakama ya Kaunti ya Pierce, na jaji akaizuia King kuzigusa zile 573.

Kwa juu juu walikuwa na haki. Ila kulikuwa na kifungu kingine cha sheria kinachoiruhusu bodi ya kaunti yenyewe, ikiona kasoro ya wazi katika kazi yake, irekebishe kabla ya kuidhinisha matokeo. Mlalamikaji wa nje hawezi kuilazimisha bodi ifungue bahasha zilizokataliwa kwa uamuzi halali. Bodi inaweza kuzifungua pale ambapo uamuzi haukufanyika kabisa. Tarehe 22 Desemba Mahakama ya Juu, kwa kauli moja tena, ikaondoa zuio la Pierce. Kila bahasha ikalinganishwa na kadi yake, na si zote zilizopita.

Kwa hiyo neno wizi halikai. Uzembe linakaa. Na tusisahau kwamba kabla ya bahasha hizo kufunguliwa, hesabu ya mikono ilikuwa tayari imemweka Gregoire mbele, kwa kura 10.

Jaji mwenyewe alikubali kwamba kura 1,678 hazikuwa halali. Tofauti ni 129. Uchaguzi haukufutwaje? — Mwanafunzi wa sheria, Nairobi

Rossi alifungua kesi Januari 2005 katika mahakama ya Kaunti ya Chelan, mjini Wenatchee, mji wa matofaa mashariki ya milima ya Cascade. Upande huo wa jimbo Republican wana nguvu, na kuuchagua hakukuwa bahati nasibu. Gregoire alikwisha kuapishwa tarehe 12 Januari. Jaji John Bridges alianza kusikiliza ushahidi tarehe 23 Mei na kutoa hukumu tarehe 6 Juni.

Kura 1,678 alizozikuta si halali zinagawanyika hivi: 1,401 za watu waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa makubwa ya jinai na ambao walikuwa hawajarudishiwa haki ya kupiga kura, 252 za masharti, yaani za watu ambao majina yao hayakuonekana kituoni, wakapewa karatasi ya kuwekwa bahashani hadi wahakikiwe, nazo zikaingizwa moja kwa moja kwenye mashine, 19 zilizopigwa kwa majina ya marehemu, na 6 za waliopiga mara mbili.

Lakini sheria ya Washington haiulizi tu ni ngapi. Inataka ionyeshwe kwamba kura haramu alizopata mshindi, zikitolewa kwake, zinamshusha chini ya mpinzani. Kura ni siri, na karatasi ikishatoka bahashani haina jina. Utazitoa kwa nani?

Mawakili wa Rossi walijibu kwa takwimu. Kama eneo fulani lilimpa Gregoire asilimia 60, basi kura haramu za eneo hilo zigawanywe hivyohivyo: asilimia 60 zitolewe kwake. Kwa kuwa nyingi walizozitafuta zilitoka maeneo ya King, hesabu yao ilimrudisha Rossi juu. Jaji aliikataa. Wastani wa mtaa haukuambii mtu mmoja mmoja wa mtaa huo kafanya nini. Wataalamu wa upande wa pili waliongeza hoja ambayo kwetu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi: wengi wa waliotiwa hatiani ni wanaume, na wanaume katika uchaguzi ule walielekea kwa Rossi kuliko wanawake. Huwezi kuwachukulia kama majirani zao.

Ushahidi wa moja kwa moja ulipatikana kwa watu watano tu, waliokiri walimpigia nani. Wanne walisema Rossi, mmoja Bennett. Jaji akazitoa hizo nne, na Rossi, aliyekuja kupunguza pengo, akaondoka likiwa 133. Hakukata rufaa.

Wewe wa Nairobi utakuwa unafikiria tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa rais kwa sababu ya namna ulivyoendeshwa, bila kudai hesabu kamili ya kura ngapi zilihama. Kwa kipimo hicho, bahasha zilizosahaulika na kura za masharti zilizomezwa na mashine huenda zingetosha kuleta mjadala mwingine kabisa. Wenatchee walihitaji uthibitisho ulio wazi wa nani alifaidika, na mzigo ulikuwa wa mlalamikaji. Msimamo huo una kasoro yake: kadiri uchaguzi unavyovurugwa bila kuacha alama, ndivyo unavyokuwa mgumu kuupinga. Ila ule mwingine nao una kasoro, kwa sababu hakuna uchaguzi wa kura milioni 2.8 usio na kosa hata moja.

Nani alilipa gharama? — Msomaji, Arusha

Hesabu ya mashine ililipwa na serikali kwa kuwa ilikuwa ya lazima. Ya mikono iliombwa, na mwombaji hutanguliza dhamana kwa kila karatasi. Democratic waliweka kama dola 730,000. Sheria inasema matokeo yakigeuka unarudishiwa, na walirudishiwa. Walikuwa na haki ya kuomba kaunti chache tu kwa bei ndogo, wakachagua jimbo zima. Hesabu ya nne haikuwezekana: sheria inaruhusu kurudia mara mbili tu.

Huu ndio uchaguzi wa ugavana uliokaribiana kuliko yote Marekani? — Msomaji, Muscat

Ukipima kwa idadi ya kura, hapana. Ule wa Minnesota mwaka 1962 ulikuwa mkali zaidi. Gavana aliyekuwa madarakani, Elmer L. Andersen wa Republican, alitangazwa mshindi kwa kura 142. Mpinzani wake, Karl Rolvaag, naibu gavana wa chama cha Democratic-Farmer-Labor, akataka zihesabiwe upya. Kazi ilisimamiwa na majaji watatu na ikamalizika Machi 1963: Rolvaag 619,842, Andersen 619,751. Kura 91. Muda wote huo Andersen alibaki ofisini, na Rolvaag aliapishwa tarehe 25 Machi, zaidi ya miezi minne na nusu baada ya siku ya kupiga kura. Ule ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa muhula wa miaka minne katika jimbo hilo. Awali ulikuwa miwili, kwa hiyo kilichogombaniwa kilikuwa kikubwa maradufu.

Kwa kura moja tupu, nenda Massachusetts, 1839. Wakati huo mgombea alipaswa kupata zaidi ya nusu ya kura zote, la sivyo Bunge la jimbo ndilo liliamua. Zilipigwa kura 102,066. Nusu yake ni 51,033. Marcus Morton wa Democratic alipata 51,034. Aliyeangushwa ni gavana Edward Everett wa chama cha Whig, mwenye 50,725, na 307 zilikwenda kwa wengine. Kumbe basi pengo kati yao lilikuwa kura 309; ile moja ni pengo kati ya Morton na kura ya Bunge, ambako Whig walikuwa wengi. Everett angeweza kupinga, akaacha. Kilichomponza ni sheria ya mwaka 1838 iliyopiga marufuku kuuza pombe kali kwa kipimo cha chini ya galoni 15, kama lita 57 kwa mara moja. Tajiri aliweza kununua pipa. Mfanyakazi aliyezoea kikombe kimoja hakuweza, naye alikuwa na kura. Morton alikuwa amegombea mfululizo, mwaka hadi mwaka, tangu 1828.

Na kama wangelingana sawasawa? — Msomaji, Bukoba

Katiba ya Washington inayapa mabunge mawili ya jimbo, yakikaa pamoja, kazi ya kuchagua mmoja kati ya waliolingana. Hakuna uchaguzi wa marudio. Mwaka ule Democratic walikuwa na wabunge wengi, kwa hiyo unajua angekuwa nani.

Mimi ni raia wa Marekani mwenye asili ya Kongo, naishi Kent, Kaunti ya King. Nitajuaje bahasha yangu haitatupwa kama zile 573? — Msomaji, Kent

Mambo mengi yamebadilika tangu 2004. Jimbo sasa lina daftari moja la wapiga kura badala ya kila kaunti na lake, na tangu 2011 kaunti zote hupiga kura kwa posta. Aliyefungwa naye hahitaji tena kumaliza kwanza faini zote za mahakama ili arudishiwe haki. Sheria ya 2009 iliondoa sharti hilo, na tangu 2022 kutoka gerezani kunatosha. Yaani sehemu kubwa ya zile kura 1,401 leo zingekuwa halali.

Kuhusu bahasha yako: kinachoangusha watu hadi leo ni sahihi. Italinganishwa na zilizo kwenye kumbukumbu zako, mara nyingi ile ya leseni ya udereva. Kama ulitia sahihi ya haraka kwenye leseni na sasa unaandika jina lako lote kwa utulivu, hizo ni sahihi mbili. Tumia ileile. Wanafamilia wanaoishi nyumba moja hubadilishana bahasha bila kujua. Hakikisha jina lililochapishwa nje ni lako kabla ya kusaini, na usiache kuandika tarehe.

Karatasi hutumwa angalau siku 18 kabla ya uchaguzi. Huna haja ya stempu, lakini ukituma kwa posta muhuri lazima uwe wa siku ya uchaguzi au kabla, na bahasha iliyotumbukizwa posta jioni ya siku hiyo inaweza kupigwa muhuri wa kesho yake. Ukichelewa, peleka kwenye sanduku rasmi la kaunti. Masanduku hayo yanafungwa saa 2 usiku wa siku ya uchaguzi. Baada ya hapo fuatilia kwenye tovuti ya jimbo ya VoteWA, ambako utaona kama bahasha imepokelewa na kama sahihi imekubaliwa. Ikikataliwa, kaunti itakuandikia barua yenye fomu. Ijaze na uirudishe kabla ya siku ambayo kaunti inaidhinisha matokeo, na weka namba ya simu kwenye bahasha tangu mwanzo ili wakupigie badala ya kungoja barua ifike.